Maji ya Lurdi kwa Mama

Paris, Jumatatu, 7 Oktoba 2019

Dada Pru mpenzi,

Usishtuke kuona barua, sijawa Mzungu. Simu zetu zimeibwa zote mbili, jana hiyohiyo tuliyofika, ndani ya treni ya chini ya ardhi. Nilikuwa nimeziweka kwenye kipochi kimoja, eti namtunzia Leonce ya kwake kwa kuwa yeye husahau vitu. Akatokea kijana mtanashati, akanipisha kiti kwa heshima zote kwa sababu ya tumbo, nami nikamshukuru mara mbili. Sasa nakuandikia kwenye kompyuta ya hoteli, pembeni ya mapokezi, na kuna mama mmoja wa Kijapani anasubiri zamu yake huku ananitazama kwa adabu.

Leonce amesema hatununui simu nyingine mpaka turudi Houston. Anasema tangu tuoane hatujawahi kumaliza wiki bila ndugu kupiga. Nilitaka kugomba, lakini ni kweli. Fungate yetu tuliila kwenye apatimenti Sharpstown, wageni watatu wamelala sebuleni. Mmoja wao ulikuwa wewe.

Mji ni mzuri, nisiseme uongo. Kanisa kuu lile lililoungua mwezi wa nne wamelizungushia uzio, huingii, unalitazama kwa mbali tu. Leonce alivua kofia akasimama pale muda mrefu. Halafu mchana, mgahawani, akatoa mfukoni kile kikopo cha senene wa kukaanga wa Mama akawamwaga juu ya viazi. Mhudumu alikuja kuomba radhi, akidhani wadudu wametoka jikoni kwao!

Mama anaendeleaje kwako? Msomee yote haya. Muulize nimletee zawadi gani. Mtoto anacheza sana huku, nadhani kapenda mkate.

Clara


Alief, Houston, Jumanne, 8 Oktoba 2019

Clara mdogo wangu,

Nimemsomea Mama barua yako akiwa jikoni kwangu anamenya ndizi. Ndizi za duka la hapa Bissonnet anazidharau, lakini hataki mtu mwingine azimenye. Ya simu amecheka mpaka akaweka kisu chini. Akasema, "Huyo hata ukimpa sanduku la chuma, ataibiwa na sanduku." Ya senene hakucheka, alisikitika wameliwa na viazi.

Zawadi nimemuuliza. Hakuinua hata kichwa. "Mwambie sitaki kitu. Arudi na tumbo lake salama, basi." Nikamwambia hiyo si zawadi. Akasema, "Basi asilete."

Jioni husali rozari na wanangu. Yeye anaanza kwa Kiswahili, wao wanaitikia kwa Kiingereza, na kila mtu anaona mwenzake ndiye anayekosea. Nikitoka kazini nawakuta wameshamaliza na wote wamenuna. Sijui akirudi Bukoba mwezi wa kumi na mbili nitafanyaje.

Jumapili nitakuja kuwapokea uwanja wa ndege, nikitoka misa.

Dada yako,
Pru


Paris, Jumatano, 9 Oktoba 2019

Dada,

Hilo jibu silikubali, na umwambie Mama hivyohivyo. "Sitaki kitu" ni jibu la kuwapa wageni. Muulize tena mpaka aseme! Namfahamu Mama miaka yote hii, hajawahi kuniomba hata leso. Kule Bukoba kila mwanamke wa chama chao cha Wawata ana kitu alicholetewa na mwanaye kutoka nje, anakivaa kanisani, anakaa nacho benchi la mbele. Mama anakaa nao mikono mitupu, na ana watoto watatu Marekani. Unadhani hawasemi?

Jana tulipanda mashua ya watalii mtoni. Watu wanabusiana hapa, Dada, mbele za watu, hata wazee wenye mikongojo. Mimi nilitazama maji. Tuliposhuka Leonce akanishika mkono barabarani. Leonce wa kijijini Kanyigo! Mchana kweupe! Tulitembea hivyo mpaka hotelini, kila mmoja akiogopa mwenzake ataachia. Nimefurahi mpaka naona haya kukuandikia.

Muulize tena. Usisahau.

Clara


Hospitali, Houston, Alhamisi, 10 Oktoba 2019

Kaka Wilbroad, shikamoo.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu nimekaa kando ya kitanda cha Mama. Mimi ni nesi, nimeuguza watu wa namna hii miaka mingi, na wengine wanasikia. Sitaki asikie ninachokuambia.

Ni yaleyale niliyokueleza kwa simu asubuhi, ila mabaya zaidi. Nilimkuta sakafuni bafuni kwangu. Ni kiharusi, na damu imevujia ndani ya ubongo. Tangu pale hajafungua macho wala kutoa neno, na mashine ndiyo inayompumulia. Daktari hataji siku. Lakini nimezoea kutazama nyuso za madaktari, na huyu wa leo alikuwa anatazama ukuta. Anaweza kufika Jumapili, anaweza asifike.

Kaka, niruhusu nimwambie Clara. Nitapiga hotelini kwao nizungumze kwanza na Leonce. Wakipanda ndege kesho, kesho hiyohiyo wako hapa. Hana simu, hana habari, anaandika barua za kucheka. Naogopa atarudi akute nimekaa na maneno tu, na mimi sitaweza kumtazama. Nakuomba sana.

Prudensia


Fort Worth, Alhamisi, 10 Oktoba 2019

Prudensia,

Marahaba. Nimeaga kazini, naingia barabara ya 45 sasa hivi. Nitafika jioni.

Kuhusu Clara, hapana. Habari ya namna hii haipelekwi kwa mtu aliye ugenini. Huachwa arudi nyumbani, akakaa, akanywa maji, watu wazima wakiwa wamemzunguka, ndipo anaambiwa. Ndivyo tulivyolelewa wote watatu. Na kama umesahau mwaka 2017, mimi sijasahau. Baba mdogo Gaudence alimpigia moja kwa moja kutoka Bukoba, "Clara, baba yenu ametutoka," naye yuko barabarani, Beltway, ana-drive kwenda kazini. Gari likala ukuta. Wewe ulikuwa umeshapanda ndege kwenda kuzika. Mimi ndiye niliyekaa naye alipoharibikiwa mimba siku mbili baadaye, na alichoniambia siku ile sijawahi kumweleza mtu.

Hii ni mimba ya kwanza kushika tangu ile, na ina miezi mitano. Unataka aipokee habari hii huko, katikati ya watu asiowajua, halafu apande ndege nayo tumboni? Mama akiamka akaniuliza mtoto wa Clara yuko wapi, nitamjibu nini?

Leonce naye usimwambie. Leonce hajawahi kuficha hata zawadi ya Krismasi.

Jumapili si mbali. Mwandikie kama kawaida, asihisi kitu.

Kaka yako,
Wilbroad


Alief, Ijumaa, 11 Oktoba 2019

Clara mdogo wangu,

Samahani nimechelewa kujibu, kazini zamu zilibanana. Huku hatujambo. Kaka yuko hapa Houston kwa wikiendi, anakusalimu.

Mama hajambo. Amepumzika.

Nimemuuliza tena kama ulivyotaka. Alifikiri kidogo, halafu akasema kwa kuwa uko Ufaransa, umletee maji ya Lurdi, pale alipotokea Bikira Maria. Chupa ndogo tu ya kuweka kwenye meza yake ya sala. Nadhani hata hapo Paris yanapatikana kwenye maduka ya karibu na makanisa, msihangaike. Anasema mtembee, mstarehe, msiwe na haraka.

Watoto wanakusalimu. Kula vizuri.

Pru


Paris, Jumamosi, 12 Oktoba 2019

Dada! Dada!

Nimelia hapa mapokezi mpaka yule dada wa hoteli akaniletea maji ya kunywa. Nilijua tu Mama ana kitu moyoni. Alikuwa anaona haya kutaja! Sasa unaniambia niyatafute dukani? Mama aniombe kitu kwa mara ya kwanza maishani, nimpelekee cha dukani?

Tunakwenda wenyewe. Leonce alikubali kabla sijamaliza sentensi, akaketi na yule dada wakabadilisha tiketi. Haturudi tena Jumapili, tunarudi Jumatano. Treni ya Lurdi inaondoka asubuhi hii, ni mbali, karibu na mpaka wa Hispania. Masanduku tunayaacha hapa, tutakuwa Paris tena Jumanne. Katikati hapo usinitafute, sitakuwa na kompyuta, na hata hoteli ya kulala tutaijulia hukohuko. Mwenyewe amesema tusiwe na haraka.

Mwambie Mama nayachota kwa mkono wangu. Mwambie leo, akiwa macho.

Clara wenu


Alief, Jumamosi, 12 Oktoba 2019

Kaka,

Nakutumia barua ya Clara. Isome nje kwenye korido, usiisomee kitandani.

Kosa ni langu na sijui nikuelezeje. Uliniambia niandike kama kawaida. Nikaandika, nikaisoma, nikaona haifanani na Mama hata kidogo, maana Clara alishauliza zawadi mara mbili na mimi sina jibu. Nikatafuta jambo ambalo mama yeyote Mkatoliki wa kwetu angelisema. Likaja hilo la Lurdi lenyewe, bila kufikiri. Na lile la kutokuwa na haraka nililiweka kwa sababu ndivyo salamu za wazazi zinavyoishia. Nilikuwa namalizia barua tu.

Nimepiga hotelini. Wameondoka. Nimekwenda kumgongea Clothilde, jirani yangu Mkongo, akapiga hoteli za Lurdi moja baada ya nyingine kwa Kifaransa chake. Wanamwambia, "Madame, mji umejaa mahujaji, na jina hilo hatuna." Clothilde kachoka, kanitazama kwa huruma, kasema tuache. Nimekaa jikoni, ndizi alizomenya Mama bado ziko kwenye sufuria zimekuwa nyeusi, na siwezi kuzitupa.

Mwambie wewe, Kaka. Sema yote. Akirudi Paris aikute. Mimi hataniamini tena, na ana haki.

Pru


Houston, Jumapili, 13 Oktoba 2019

Clara,

Natumaini hamjambo wewe na Leonce. Ningependa Leonce aisome hii kwanza.

Mama hajisikii vizuri kidogo. Si jambo la kukushtua, na madaktari wako naye. Lakini mkipata nafasi ya kurudi mapema itakuwa vyema. Mkifika msikodi gari, tutakuja kuwachukua.

Sote tunawasalimu. Mama pia.

Kaka yako,
Wilbroad


Paris, Jumanne, 15 Oktoba 2019

Kaka na Dada,

Tumeingia sasa hivi na nimesoma barua ya Kaka mimi mwenyewe, Leonce yuko bafuni. Mnanichekesha! Kumbe Mama anaumwa kidogo na mlikuwa mnanificha. Ndiyo maana aliagiza maji. Yeye alishajua mwili wake, nyinyi mkaona ni habari ya zawadi.

Nafasi ya kurudi mapema haipo, tumeuliza, ni hiyohiyo ya kesho asubuhi. Lakini msiwe na wasiwasi. Lurdi sijui niwaelezeje. Wagonjwa wanasukumwa kwenye viti, wengine wamelala kabisa, na wote wanaimba. Foleni ya kuchota ilikuwa ndefu, watu wakaona tumbo wakataka kunipisha, nikakataa. Nilitaka nisimame kama wengine. Nilipofika bombani nikataja jina la Mama kwa sauti, jina lake lote na la baba yake, asije akachanganywa na mwingine. Leonce aliona haya. Njia nzima nimeibeba chupa mapajani.

Mwambieni avumilie siku moja tu. Kesho nampaka mwenyewe.

Clara


Sharpstown, Alhamisi, 24 Oktoba 2019

Dada Pru,

Natumaini mmefika Bukoba salama, nyinyi na Mama. Leonce karudi kazini leo. Watu wamepungua, chakula walichokileta kimejaa kwenye friji na hakuna anayekila. Baada ya mshtuko ule daktari bado ananikataza ndege. Kwa hiyo Jumamosi mtamzika, nami nitakuwa hapa kwenye sofa, natazama kwa simu mpya kama mtandao utakubali.

Nataka ujue nilijua saa ngapi. Si pale mliponikalisha, Kaka akaanza kuzungukazunguka na maneno mpaka akafika kwamba alitutoka Jumatatu. Nilijua nilipotoka tu mlangoni uwanja wa ndege nikaona kundi zima la watu mmesimama, Jumatano, siku ya kazi, na Kaka kavaa suti. Nani hupokewa hivyo kwa jambo la heri? Nilimpa Leonce chupa aishike. Halafu nikawaacha mnipeleke nyumbani, mnipe maji, mnizunguke. Niliona mmejiandaa, sikutaka kuwaharibia.

Mtoto yupo, anacheza. Kaka alitaka huyu apone na amepona, mwambie simlaumu. Lakini nina hasira, Dada, na kila mahali ninapotaka kuiweka naona pameshakaa mtu ninayempenda.

Sasa kuna jambo. Juzi alikuja yule Mkenya wa kazini kwako, Jerioth, kaleta chapati. Akanishika mkono, akasema, "Pole sana, Clara. Na vile alilala tu hivyo tangu ile Thursday, hakuwahi fungua macho tena. Si hata Pru alini-call nim-cover-ie shift." Nikamshukuru. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari lake. Nikarudi nikakaa.

Barua ya Lurdi uliniandikia Ijumaa.

Usinijibu. Nakuomba usiniandikie kitu juu ya hilo, na ukirudi usinikalishe chini unieleze. Nakujua, unapenda mambo yasemwe yaishe. Hili nakukataza. Mama hakuwahi kuniomba kitu. Kama aliniomba mara moja, nikaenda, nikachelewa kwa sababu nilikuwa nafanya alichonituma, hilo naweza kulibeba. Lingine siliwezi. Usinipe lingine.

Chupa niliitia kwenye begi lako dogo kabla hujaondoka, nimeifunga na kitenge. Umnyunyizie.

Mdogo wako,
Clara


Bukoba, Jumapili, 27 Oktoba 2019

Clara mdogo wangu,

Barua yako nimeipata na nimeielewa.

Mama tumemzika jana alasiri. Najua mtandao ulikatika, Leonce ameniambia mliona mwanzo tu, kwa hiyo nakueleza yaliyobaki. Mvua ilitishia ikaacha. Kaka alisoma historia ya marehemu, akafika kwenye majina ya watoto, akakwama. Baba mdogo Gaudence akaichukua karatasi akaimalizia. Watu walikuwa wengi mpaka wengine wakasimama ndani ya migomba.

Kabla ya udongo Padri aliniita. Nikafungua kitenge, nikafungua chupa, nikanyunyiza pande zote, kichwani nikarudia. Sikubakiza hata tone. Wanawake wa Wawata walikuwa mbele, na sare zao. Mwenyekiti wao akauliza kwa sauti, watu wote wanasikia, maji haya ni ya wapi na nani kayaleta. Kaka akanitazama, halafu akatazama chini.

Nikasema ni ya Lurdi. Nikasema ameyaleta kitindamimba wake, Clara, ameyachota kwa mkono wake, kwa sababu mama yake mwenyewe ndiye aliyemtuma.

Wakasema, "Huyo ndiye mtoto." Wakapokezana hilo neno mmoja baada ya mwingine mpaka kule nyuma kwenye migomba. Mwenyekiti akanigeukia tena, akaniuliza na mimi, mkubwa wako, niliyekaa naye mpaka mwisho, nilitumwa nini.

Nikamwambia mimi sikutumwa kitu.

Dada yako,
Pru